Nilisema Tumbo

Usiku ule nilimdanganya mama kwa neno moja. Nilisema tumbo.

Ilikuwa 2013, Ngamiani, Tanga. Niko kidato cha tatu, nina miaka 16. Saa nane usiku nilishtuka usingizini kama mtu aliyekanyagwa. Maumivu yalikuwa kwenye korodani ya kushoto, na hayakupanda taratibu kama ya jino. Yalikuja yote kwa mkupuo, yakanifika mpaka kitovuni, nikatapika kabla sijaufikia mlango. Mama akaamka kwa kelele za ndoo.

"Una nini, mwanangu?"

"Tumbo, mama."

Haukuwa uongo kamili. Korodani huanzia tumboni, mtoto akiwa bado hajazaliwa, ndipo hushuka na mishipa yake, kwa hiyo maumivu ya huko chini yanaweza kusikika juu. Hayo nimeyajua baadaye. Usiku ule nilijua tu kwamba sina neno. Yaani maneno yapo, tena mengi. Kuna korodani, ambalo nililisoma kwenye kitabu cha biolojia na sijawahi kumsikia mtu akilisema nyumbani. Kuna pumbu, hilo la kutukanania uwanjani. Kende nililisikia kwa babu, akimzungumzia beberu. Na kuna sehemu za siri, ndilo la adabu, ndilo la redioni, na ukilitazama vizuri utaona linakwambia kabisa ufanye nini. Nikafanya.

Halafu mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mwanaume akisema anaumwa huko, watu hawaulizi mara mbili: busha. Atataniwa kwamba amezidisha madafu, ingawa mabusha ya pwani mengi yanatokana na minyoo inayoenezwa na mbu, na madafu wala hayahusiki. Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja ambaye watoto tulikuwa tunamwiga mwendo. Mimi nilimwiga vizuri kuliko wote. Usiku ule nilikwenda chooni kwa mwendo uleule, na sikuwa naiga.

Mama akanichemshia tangawizi. Akanilaza, akanisugua tumbo kwa mafuta ya nazi, polepole, huku akisoma dua. Anasugua huku, mimi naumwa kule. Akauliza nimekula nini, nikaisingizia mihogo ya kukaanga ya shuleni. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili nikaomba maji.

Saa kumi na moja, alipoona natapika nyongo, alikwenda kumgongea jirani mwenye bajaji. Sitaisimulia ile safari. Nitasema tu kwamba mashimo yote ya ile barabara nayajua mpaka leo.

Kwenye kituo cha afya tulimkuta daktari wa zamu, kijana, macho mekundu kwa usingizi. Mama akaeleza yote: tumbo, mihogo, tangawizi. Akanibonyeza tumbo. Laini. Akasimama kidogo, akasema, "Mama, naomba utupishe." Mlango ulipofungwa akaniinamia. "Mdogo wangu, tumbo lako halina kitu. Nionyeshe."

Hakusema niambie. Alisema nionyeshe. Nikaonyesha kwa kidole.

Ilikuwa imevimba, imepanda juu na kulala ubavu. Akachukua mfuniko wa kalamu, akaupitisha kwenye paja la kulia, kwa ndani: korodani ya kulia ikajinyanyua yenyewe. Akapitisha kushoto. Kimya.

"Imeanza saa ngapi?"

"Saa nane."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Akanieleza huku anaandika barua ya rufaa: korodani inaning'inia kwenye kamba iliyobeba mishipa ya damu. Kwa baadhi yetu, tangu kuzaliwa, haikushikizwa sawasawa ndani ya mfuko wake, inabembea kama ulimi wa kengele. Siku ikijizungusha, kamba inajisokota na damu haipiti. Inawapata zaidi vijana wa kati ya miaka 12 na 18, na mara nyingi wamelala tu. "Ukiwahi ndani ya masaa sita, mara nyingi inapona," akasema. "Baada ya hapo kila saa ina bei yake."

Hospitalini daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima, mkali kidogo. Nesi akamwambia mtu wa altrasaundi hajafika. Akajibu kwamba akisubiri picha atapata picha nzuri ya kitu kilichokufa. Kisha akanigeukia mimi, na hilo namshukuru: "Sina hakika asilimia mia. Inaweza kuwa maambukizi tu. Lakini bora nikufungue bure kuliko nikuache."

Fomu ya ridhaa ilikuwa ya mama, maana sijafika miaka 18. Nesi akamsomea kwa sauti: kufungua na kuangalia, kuinyoosha, kuzishona zote mbili zisizunguke tena, na ikilazimu, kuiondoa korodani ya kushoto.

"Korodani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akilitamka. Nikageukia ukutani.

"Si ulisema tumbo?"

Hakugomba. Alimuuliza nesi asaini wapi. Kalamu ikagoma kuandika, akaomba nyingine.

Walinichoma ganzi ya mgongo, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nyuma ya pazia nikasikia, "Mzunguko mmoja na nusu." Kisha kimya. Wakaifunika kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu wakawa wanasubiri rangi. Nikauliza, "Dokta, ina rangi gani?" Akasema, "Tulia, baba." Sijawahi kusubiri matokeo ya mtihani wowote vile. Baadaye sauti ya mwanamke: "Inarudi?" Na yake: "Kidogo. Tuiache."

Wakaiacha. Nilitoka na korodani mbili, na kwa miezi kadhaa nilijiona mshindi. Kisha ikaanza kunywea. Nilipomaliza kidato cha nne ilikuwa kama harage. Daktari akaniambia moja nzima inatosha kabisa, na alisema kweli, nina binti sasa. Lakini nina hesabu ambayo huwa naipiga nikiwa bafuni: ningesema saa nane na dakika tano, bajaji ingefika saa nane na nusu, saa kumi na moja ningekuwa mezani kwa daktari. Hesabu yenyewe haina faida. Naipiga tu.

Kwa miaka yote hiyo mama aliwaambia watu kwamba nilifanyiwa operesheni ya tumbo, nami nikawa namshukuru kimoyomoyo. Idi iliyopita tulikuwa mkekani na sinia la pilau, mpwa wangu wa miaka 13 amekaa katikati yetu, shangazi akakumbushia ule mwaka niliolazwa. "Ile operesheni ya nini vile?"

"Ya tumbo," akasema mama. Akamwangalia yule mtoto, akaweka tonge chini. "Hapana. Ya korodani. Ilijisokota."

Shangazi akasema astaghfirullah. Mpwa wangu akapaliwa. Mama akampa maji, akamwambia akimaliza kula aende kwa mjomba wake amweleze vizuri.