Kutoka Kasumbalesa hadi Bunkeya: Nikimfuata Mwenda

Foleni ya malori Kasumbalesa huanza mbali, kabla hujaliona hata geti la mpaka wa Zambia na Kongo. Madereva wengi ni Watanzania. Utingo wao husonga ugali pembeni ya tela, hufua, hubishana mpira, husubiri makaratasi. Shaba ya Katanga inashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mimi nilikuwa napanda, begi mgongoni na gitaa mkononi, nikielekea huko shaba inakotoka.

Nilikuwa namfuata mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, akafariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Ndiyo maana msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara, akapita Tunduma na Kapiri Mposhi, hukutana kwanza na nchi aliyofia, na kila kilomita humrudisha kuelekea alikozaliwa. Nilikaa dirishani njia nzima ya Zambia nikiwaza hilo. Mtu aliyewapa wapiga gitaa wa Afrika Mashariki msamiati wao wa kwanza aliishia kwenye lami hii hii, na abiria wenzangu wote walikuwa wamelala.

Lubumbashi nilifika jioni. Dereva wa teksi aliliona gitaa akaniuliza napiga nyimbo za nani. Nilipomtajia Mwenda alipunguza mwendo. "Ule njo alikuwa mwenye gitare, papa," alisema. "Alikuwa anapigaka na bidole mbili tu." Akaachia usukani kidogo kunionyesha: gumba na cha shahada. Sikuhitaji ushahidi mwingine kwamba nimefika mjini kwake.

Katika mji huu na katika Likasi, Mwenda aliishi maisha ambayo wapenzi wake wa mbali hawakuyajua. Alifanya kazi benki, akafanya kazi serikalini, akafanya kazi Gécamines, kampuni ya madini iliyorithi migodi ya Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967. Aliongoza bendi iliyoitwa Super Shaba. Aliwahi kuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Katikati ya hayo yote alitoka: mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport kule Marekani, mbele ya watu waliokuwa wakiisikia sauti yake kwenye santuri kwa miaka mingi, na mwaka 1988 alikwenda Cape Town akarekodi albamu nzima. Kisha akarudi nyumbani, kwenye kazi na familia.

Naliheshimu sana jambo hili. Sifa za mwanamuziki msafiri zimezoeleka kupewa mtu asiye na kwao, anayelala popote. Mwenda alikuwa mfanyakazi wa mji wa madini, na nyimbo zake zinanuka mji huo: mishahara na pombe, mke na mume, mtoto anayelia, rafiki aliyekopa, ushauri kwa kijana anayejiona mjanja. Mtu asiyerudi nyumbani jioni hawezi kuzitunga nyimbo za namna ile.

Likasi iko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Zamani iliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot wa Union Minière, na viwanda vya Shituru bado vinaonekana. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka Zambia ya leo, na lugha iliyowaunganisha kazini ikawa Kiswahili. Mshahara wa kwanza kijana alinunulia nguo. Uliofuata, kama alijaliwa, alinunulia gitaa. Mwenda alikulia katika mchanganyiko huo. Alisikia ngoma za kwao, nyimbo za Waluba, santuri za Cuba zilizopendwa Kongo nzima, na gitaa za filamu za makauboi wa Marekani. Vyote vilipita katika vidole vyake viwili.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake kukusanya muziki, alimkuta Mwenda hapa Jadotville akipiga mtaani. Mwenda alikuwa na miaka 22. Tracey alimrekodi, na wimbo wa "Masanga" ukatoka kwenye santuri za Gallotone na kusambaa mpaka mahali ambapo Mwenda mwenyewe alikuwa hajafika. Karibu miaka kumi baadaye mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliandika uchambuzi mrefu wa gitaa lake katika jarida la African Music, noti kwa noti. Nimeusoma. Ni kazi ya heshima, lakini kilichonishinda kuelewa humo nilikielewa Likasi, kwenye ua wa mzee mmoja aliyenikaribisha kwa chai na mikate.

Mzee huyo alijifunza gitaa kwa kuwatazama waliomtazama Mwenda. Alinisikiliza nikipiga, akasema kwa upole, "Una haraka, mwanangu." Kisha akanishika mkono wa kulia. Kidole gumba, alinionyesha, hakipumziki. Kinakwenda kwenye nyuzi nene, mbele na nyuma, kama mtu anayetembea kwa miguu safari ndefu. Cha shahada ndicho chenye maneno. Huchelewa kwa makusudi, hutua kati ya hatua mbili za gumba, na hapo ndipo msikilizaji anapoapa kwamba wapigaji ni wawili. Mjukuu wake alichukua chupa ya soda akaigonga kwa kijiti, kwa mapigo yale ambayo wazee wa Katanga waliyatumia pale ambapo hapakuwa na ngoma. Mara gitaa langu likakaa sawa. Tulirudia hatua nne zile zile mpaka chai ikapoa, na mzee hakuniruhusu kuimba hata neno moja. Kuimba ni baadaye, alisema. Gumba lijue njia kwanza.

Nilimweleza kwamba gitaa hilo nililisikia kwanza kwa watu wa Kenya. Hakushangaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi akakaa miezi kadhaa, akipiga redioni na kurekodi. Binamu yake Edouard Masengo naye alikwenda huko akajijengea jina. Vijana wa magharibi ya Kenya waliokuwa na gitaa za mbao walikaa karibu na redio wakitafuta vidole vile, na kutoka hapo wakachonga mitindo yao wenyewe. Waliweza kumfuata kwa sababu aliimba Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha Katanga, chenye mwendo wake, lakini mama wa Kisumu na fundi wa Tabora walikipata. Wasanifu wa lugha waliokidharau Kiswahili hicho wangefanya vyema kukumbuka ni redio ngapi kilizifungua.

Njia ya Bunkeya ni ya vumbi jekundu, na pikipiki ndiyo iliyonifikisha. Huku ndiko Msiri, ambaye naye aliitwa Mwenda, alikojenga makao makuu ya ufalme wake katika karne ya 19, akiwa ametoka na wenzake upande wa Unyamwezi na Usumbwa kufuata biashara ya shaba na pembe. Bayeke ni uzao wa safari hiyo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold, na Bayeke hawajalisahau jambo hilo. Mwanamuziki wetu alipojiita Mwenda wa Bayeke hakuwa anajipamba. Alikuwa anasema ametoka kwa nani.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Nilipomweleza hivyo mzee mwenyeji wangu wa Bunkeya, aliniangalia kwa muda, akaniuliza kwa Kiswahili kama bado kuna watu kule, kama wanalima, kama wanaongea lugha ile. Bayeke wengi wa leo huongea Kisanga na Kiswahili, na Kiyeke chenyewe kimepungua midomoni. Kisha akaniambia nipige. Nikapiga "Masanga" polepole, gumba mbele, kama nilivyofundishwa Likasi. Kijana mmoja alisogea, akaniomba gitaa kabla sijamaliza, akaendelea kutoka pale pale nilipoachia.

Mzee hakutaka nipumzike. Aliniambia nimtajie vijiji vya Usumbwa, kimoja kimoja, bila kuruka. Nikaanza: Masumbwe, Runzewe, Ushirombo. Kwenye Ushirombo akaninyamazisha kwa mkono, akapaza sauti kumwita mkewe jikoni aje haraka, aache sufuria, kuna mtu amelitaja jina.