Ngazi ya Mikaratusi

Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta nyingi hapa Gisenyi. Miezi iliyofuata mafundi rangi hawakukosa kazi, na kaka yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa msaidizi wake wa likizo: kuchanganya rangi, kuosha brashi, kushika ngazi.

Ngazi yetu ilikuwa ya miti ya mikaratusi, vipago vimepigiliwa misumari. Ua wa nyumba ile ulikuwa mwembamba tena wenye mawe ya volkano, basi tukaweka kibao chini ya mguu mmoja wa ngazi. Siku hizi nakijua kipimo: ikiegemea ukuta kwenye urefu wa mita 4, miguu ikae mita 1 kutoka ukutani. Yetu ilisimama karibu wima.

“Usiiachie,” kaka alisema. Mwenye nyumba akaniita nikasogeze ndoo. Nikaiachia. (Ndoo yenyewe ilikuwa tupu, angeweza kuisogeza kwa mguu.)

Kaka alivunjika kifundo cha mkono. Mituweli ilisaidia matibabu, lakini wiki 6 za kukaa bila kazi hakuna aliyezilipa. Sheria ya kazi ya 2018 inagusa usalama hata wa vibarua wasio na mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba yeye alisema kosa ni langu.

Kaka hakuwahi kusema hivyo. Aliporudi kazini aliisimamisha ngazi ileile, akanitazama kidogo.

“Shika hapo, mdogo wangu.”

Akapanda.