Mbongo Akifundisha Kiingereza Marekani

Nikimwambia mtu hapa chuoni kwamba mwaka wa masomo 2024/25 nilikuwa Marekani nafundisha Kiingereza, kwanza anacheka. Kisha anauliza: "Kwani wenyewe wameisha?" Haki yake. Kiingereza changu ni kile cha kuanzia kidato cha kwanza, cha kuitikia "yes madam" darasa zima hata kama hakuna aliyeelewa. Nilikwenda kule kwa programu ya kubadilishana wanafunzi, kitivo cha elimu, jimbo la North Carolina, na sikwenda kufundisha mtu. Ila kufikia Januari nilikuwa mratibu wa kikundi cha wanafunzi kinachojitolea kufundisha Kiingereza bure kwa watu wazima wanaozungumza Kihispania. Naandika habari zake sasa kabla BTP haijaanza nikasahau nusu.

Niondoe kwanza hilo la kucheka. Kihispania kina irabu tano: a, e, i, o, u. Ni zilezile tano zetu na zinasomwa karibu vilevile. Kiingereza cha Marekani kina sauti za irabu zaidi ya kumi, zote zimejificha nyuma ya herufi hizohizo chache. Kwa hiyo mtu wa Honduras akisema "ship" na "sheep" husikii tofauti, na mtu wa Singida naye husikii tofauti. Wenzangu Wamarekani walikuwa wanarudia neno kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba watu wale wana matatizo ya masikio. Watu wanasikia vizuri tu. Sikio limezoea tangu utotoni kuzichukulia sauti hizo mbili kuwa kitu kimoja, na ukipiga kelele halibadiliki. Inabidi uanze na mdomo: huku unatabasamu na kuvuta, huku unalegeza na kukata. Mimi hilo nililijua kwa sababu nilipitia hukohuko.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Mhispania hasemi kwamba yeye "ni" miaka 40. Anasema anayo: tengo cuarenta años. Sasa sisi tunasemaje? Nina miaka 40. Njaa pia wanayo, tengo hambre, kama sisi tulivyo na njaa, na usingizi, na baridi, na haraka. Basi kwenye mazoezi yao ikawa imejaa "I have 40 years" na "I have hunger", na wenzangu wanachora mstari mwekundu kila mahali bila kuelewa makosa hayo yanatoka wapi. Mimi nilipoyaona nilicheka peke yangu, maana niliyaandika yote mimi mwenyewe kidato cha kwanza. Siku hiyo niliandika ubaoni sentensi tatu: ya Kihispania, ya Kiswahili na ya Kiingereza, nikawaonyesha kwamba sisi na wao tunabeba njaa mfukoni, Mwingereza ndiye anayegeuka kuwa njaa. Ukumbi mzima ulicheka. Sidhani kama kuna aliyekosea tena wiki ile.

Na ile sauti ya katikati ya "mother", ambayo kitabu chetu kilisema ni ngumu kwa Wahispania: wanayo tayari. Sikiliza mtu wa Mexico akisema nada. Hiyo d ya katikati ni karibu kabisa na dh yetu ya dhahabu. Hawajui tu kwamba wanayo, kwa sababu kwenye maandishi inaonekana d. Ukimwambia mtu "chukua d ya nada, iweke kwenye mother", anaipata dakika hiyohiyo. Kitabu hakikuwa na habari hiyo.

Tukianza kutafutana maneno ndiyo kabisa. Mesa ni meza, bandera ni bendera, maana Wareno walituachia sisi na Kireno ni jirani wa Kihispania. Azúcar ni sukari, na hasta yao ni hata yetu ile ya zamani ya "mpaka". Hayo mawili yametoka kwa Waarabu, wao wakayapata Uhispania na sisi pwani. Wazee walilipenda sana hilo. Kuanzia hapo waliniita maestra kwa moyo, si kwa heshima ya bure.

Sasa kikundi chenyewe. Tulikutana kila Alhamisi saa moja usiku, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja lililotuazima funguo. Waliokuja walikuwa watu wa kiwanda cha kuku, mafundi wa kuezeka mapaa, akina mama wa kusafisha hoteli, wapishi. Wengi wametoka Mexico, Honduras, El Salvador na Guatemala. Usifikiri neno "bure" lilikuwa rahisi kwao. Mtu amesimama saa kumi kwenye mashine ya kukata mapaja ya kuku, halafu aje akae kwenye kiti cha plastiki ajifunze wakati uliopita. Tangu 2006 jimbo lile halimpi leseni ya udereva mtu asiye na vibali vya uhamiaji, na mabasi ya mji wetu yalikuwa yanaishia jioni. Kwa hiyo watu watano wanakuja na gari la mmoja mwenye leseni. Huyo mmoja akipangiwa shifti ya usiku, viti vitano vinabaki wazi. Mwanzoni wenzangu walikuwa wanayaita hayo "utoro".

Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne wa kujitolea Septemba. Ilipofika wiki ya mitihani ya kati tulibaki watano. Mnaijua hiyo, msinitazame hivyo. Wapo waliokuja kwa ajili ya barua ya masaa ya kujitolea, ya kubandika kwenye CV, na mimi sina ugomvi nao. Aliyekuja kwa ajili ya barua lakini akafika kila Alhamisi alinisaidia kuliko mwenye huruma nyingi aliyefika mara mbili. Kona ya watoto iliokolewa na kijana mmoja wa uhandisi ambaye hakujua neno hata moja la Kihispania. Alikuwa na mpira wa karatasi na subira, basi. Bila yeye nusu ya akina mama wasingekuja.

Mzee mmoja wa Guatemala alikuwa anakaa nyuma, haandiki. Tulidhani hajui kusoma. Kumbe Kihispania chenyewe kwake ni lugha ya pili, ya kwanza ni Kimam, moja ya lugha za Wamaya za kule kwao. Alikuwa anasubiri Kiingereza kigeuzwe Kihispania na mwalimu, halafu anakigeuza Kimam kichwani mwake, na sisi tumeshafika sentensi ya tatu. Nani hapa Tanzania hajawahi kukaa na mtoto kama huyo, anayetoa Kiingereza kwenye Kiswahili na Kiswahili kwenye Kisukuma? Nilimhamishia mbele, tukapunguza mwendo, na tukaacha kutafsiri kila kitu. Tulileta vitu vyenyewe: nyundo, ngazi, misumari, glovu. Nyundo ni nyundo, haihitaji lugha ya katikati.

Halafu ikaja Januari 2025. Tayari Novemba kabla yake bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalazimisha masherifu washirikiane na idara ya uhamiaji. Januari serikali mpya ya Marekani ikafuta mwongozo uliokuwa unawazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu ovyo kwenye shule, hospitali na makanisa. Sisi tulikuwa kanisani. Darasa la watu kama thelathini likawa na watu sita. Nakumbuka tuliwasha taa zote kama kawaida, na mama mmoja akaomba tuzime za upande wa barabarani.

Katika mwezi huohuo ofisi moja ya chuo, iliyokuwa inatupa hela ya vitafunio na ya kuwachukua watu wasio na usafiri, ikatuletea fomu mpya ya mahudhurio. Jina kamili, anwani, simu, sahihi. Kila wiki. Hawakuwa watu wabaya, walitaka kuonyesha kwamba hela imefika kwa binadamu kweli. Lakini hebu fikiria wewe huna vibali, unaletewa karatasi ya chuo uandike nyumba unayolala na watoto wako.

Tulibishana usiku kucha kwenye chumba cha mmoja wetu. Na nisiwafanye waliokuwa upande wa fomu waonekane wajinga, kwa sababu mimi nasoma elimu na nusu ya kichwa changu ilikuwa upande wao. Daftari la mahudhurio ndilo tunalofundishwa kulitunza kama mboni ya jicho. Bila daftari utajuaje nani anarudi nyuma? Utajuaje kwamba yule wa Guatemala amekosa wiki tatu? Kijana mmoja akasema vilevile kwamba bila hela ya usafiri tutawapoteza watu walewale tunaodai kuwalinda. Hiyo ilikuwa hoja nzito na hakuna aliyeijibu vizuri.

Kilichoamua ni binti mmoja mwenzetu, mzaliwa wa palepale, wazazi wake wa El Salvador. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba mama yake angeiona fomu ile angesema ahsante, angekunywa chai, na asingerudi tena. Tukapiga kura: tisa kwa wawili, fomu hatujazi. Tukawaandikia ofisi kwamba tutawapa idadi ya vichwa na mada tuliyofundisha, majina hapana. Mwezi wa pili hela ikasimama.

Hapo ndipo Ubongo ukasaidia. Wamarekani wale walikuwa wanafikiria kuandika andiko la kuomba ufadhili, lisomwe, lijibiwe baada ya miezi mitatu. Nikawaambia hapana, tunachangishana. Nikafungua kundi la WhatsApp, nikaweka orodha, aliyetoa anawekewa tiki, na asiyetoa anajiona mwenyewe. Walishtuka kidogo, wakadhani ni kumwaibisha mtu. Ndiyo, ni kumwaibisha mtu, ndiyo maana harusi zetu zinafanyika. Wiki ya kwanza tulipata mafuta ya magari mawili. Chai tukapika wenyewe.

Lile la daftari nalo tulilipatia njia, na hii ndiyo sehemu ninayotaka wenzangu wa ualimu waisome. Kila mwanafunzi alipewa daftari dogo la kwake. Mwisho wa kipindi mwalimu anaandika humo tarehe, walichofanya, kilichomshinda, na cha kuanzia wiki ijayo. Daftari linaondoka na mwenyewe. Halibaki kanisani, halipigwi picha, halina jina juu isipokuwa lile analotaka kuitwa. Akija Alhamisi na akimkuta mwalimu mwingine kabisa, anamfungulia ukurasa wa mwisho na wanaendelea. Nilidhani yatapotea. Machache yalipotea. Lakini lilitokea jambo ambalo rejesta ya mwalimu haifanyi: watu walianza kusoma habari zao wenyewe. Fundi mmoja wa mapaa alinionyesha kurasa za mwanzo na za mwisho, amezishika pamoja kwa vidole viwili, hasemi kitu.

Hatukurudi kuwa thelathini. Aprili tulikuwa kumi na saba, kumi na tisa, inategemea shifti. Wengine sikuwaona tena na sikuuliza wako wapi, na hakuna aliyenieleza.

Kuna mama wa Honduras ambaye alikuja kwa jambo moja tu. Mwanawe wa miaka kumi ndiye aliyekuwa mkalimani wa kikao cha mzazi na mwalimu, na kwa miaka miwili kila mwalimu alichosema, mtoto alitafsiri kwamba "anasema niko sawa". Mama hakuwa mjinga, aliona uso wa mwalimu haufanani na "sawa". Nusu ya muhula wa pili tulifanya kikao hicho peke yake: mimi mwalimu, yeye mzazi, halafu tunabadilishana. Hakutaka wakati uliopita, wala vitenzi visivyofuata kanuni. Alitaka maswali manne. Anasoma vipi? Anakaa na nani? Ana tatizo gani? Nimsaidie nini nyumbani? La tano aliliongeza mwenyewe: tafadhali sema polepole.

Alikwenda mwezi wa nne. Alhamisi iliyofuata alifika mapema, akaeleza kwa Kiingereza chake kwamba mtoto ana shida ya hesabu, si kidogo, na kwamba mwalimu amezungumza na yeye dakika ishirini, "with me, not with him". Mtoto alikuwa kwenye kona na mpira wa karatasi, amenuna.

Funguo nilizikabidhi Mei kwa yule binti wa wazazi wa El Salvador. Juzi aliniandikia kwamba ofisi imewapa tena hela ya usafiri, kwa idadi ya vichwa tu, na kwamba birika la umeme limeshakufa. Akaniomba ile sentensi ya njaa kwa Kiswahili, ameisahau, na ana watu wapya Alhamisi hii.