Roketi ya Vitofali Darasani Mwetu

Wengi hudhani kwamba kuunganisha vitofali vya plastiki ni mchezo wa watoto wadogo. Sisi tuliokaa mwezi mzima na wanafunzi wetu tukijenga roketi ya namna hiyo twafikiri vingine, nasi twapenda kuwaeleza sababu.

Kifaa chenyewe chatoka kwa LEGO, watu wa Denmark. Kilianza kuuzwa mwaka 2017, nacho ni mfano wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini. Vipande vyake ni 1,969, kama mwaka ule wa 1969 ambapo, tarehe 20 Julai, Armstrong na Aldrin walitua mwezini, naye Collins akiwangoja ndani ya chombo kilichouzunguka mwezi. Roketi ya kweli ilikuwa na urefu wa meta 110 na zaidi. Mfano wake una meta moja. Wanafunzi walipiga hesabu ubaoni wakaona kwamba, kwa kipimo hicho, mtu mzima ana urefu wa sentimeta moja na nusu hivi. Wakanyamaza kwa mshangao.

Roketi hiyo ni nyeupe kwa nje, lakini ndani mna vitofali vya rangi nyingi ambavyo havionekani tena kazi ikiisha. Mtoto mmoja akatuuliza: «Mwalimu, vya nini kuhangaika na vile visivyoonekana?» Tukamwambia aviondoe viwili vitatu. Ukuta ukalegea mara moja, akapata jibu lake. Hapo tukawasimulia kwamba watu wapata 400,000 walishiriki katika kazi ya Apollo, na wengi wao hawajulikani. Mmoja wao ni Katherine Johnson, mwanamke mweusi wa Marekani, aliyekuwa mwalimu kwanza, kisha akawa mpiga hesabu wa NASA. Hesabu zake zilisaidia safari zile. Wasichana wa darasa letu waliliandika jina lake katika madaftari bila kuagizwa.

Siku ya wazazi tuliisimamisha juu ya meza, tukaitenganisha sehemu kwa sehemu. Roketi ya kweli ilipojazwa mafuta ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900. Sehemu ya kwanza, yenye mota tano, ilichoma mafuta ya taa kwa dakika mbili na nusu hivi, kisha ikaachwa ianguke baharini. Ya pili ikafuata. Ya tatu ikakisukuma chombo kuelekea mwezini, nayo ikaachwa. Kilichorudi duniani ni chumba kidogo cha watu watatu, chenye upana wa meta nne hivi. Katika mfano wetu, chumba hicho chafichika ndani ya ngumi ya mtoto.

Baba mmoja akasimama, akasema: «Mwalimu, mngewafundisha watoto wetu kufyatua matofali ya kweli. Shule haina hata madawati ya kutosha.» Neno lake lilikuwa na haki, wala hatukulipuuza. Tukamjibu: «Baba, mwana wako amejifunza kufuata michoro ukurasa kwa ukurasa, kupima kabla ya kubandika, na kukubali mwenzake aikague kazi yake. Atakayejenga nyumba yako kesho ahitaji mambo hayohayo.» Akatazama roketi kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mwanawe ni wapi alipojenga yeye. Mtoto akamwonyesha zile mota tano.

Wengine walitaka roketi ifungiwe kabatini ili wageni waitazame. Zipo Saturn V tatu zinazoonyeshwa Marekani, huko Houston, Huntsville na Florida. Zile hazitaruka tena, basi yafaa zitunzwe. Lakini yetu ilikuwa na kazi nyingine. Mwisho wa mwaka tuliibomoa, tukavihesabu vipande vyote, tukavirudisha sandukuni, ili darasa linalofuata lianze upya na kitofali cha kwanza. Wapo waliolia siku hiyo. Tukawaacha walie kidogo, kisha tukawapa kazi ya kuwafundisha wadogo wao.

Enyi wazazi, mtoto akiwaletea kitu alichokijenga kwa mikono yake, msiulize kwanza bei yake. Mwulizeni alikijengaje.