Tabora na sarafu ya tembo

MTOTO anapomwambia mama yake, “Naomba hela ya daftari,” analitaja jina la sarafu iliyoacha kutumika zamani sana. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, heller 100 zilikuwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia iligawanywa kwa pesa 64, neno lenye asili ya India, na hilo nalo limebaki midomoni.

Safari ya fedha hiyo iliishia Tabora. Anayekwenda huko kwa treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hupita Lulanguru, kituo kidogo kabla ya kuingia mjini. Wengi hawainui hata macho kutoka kwenye simu. Mwaka 1916, karakana ya reli ya hapo iligeuzwa kiwanda cha fedha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefunga njia ya bahari, sarafu hazikuja tena kutoka Ujerumani, na askari walitakiwa kulipwa.

Dhahabu ililetwa kutoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Ikatengenezwa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitoka 16,000 na ushee tu. Za heller 20 na heller 5 zilikuwa za shaba, na ukiziangalia unaona kabisa zilifanywa haraka haraka. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likauteka mji, kazi ikaisha.

Familia nyingi hazikuiona dhahabu hiyo. Wao waliijua rupia kwa kodi ya nyumba iliyoanza 1898, rupia 3 kwa mwaka kijijini. Ili kuipata, baba aliondoka kwenda kubeba mizigo au kufanya kazi mashambani, akaacha mke na watoto na jembe. Pengine ndiyo maana jina la sarafu ya mgeni likazoeleka hivyo nyumbani.

Kama kuna sarafu ya babu kabatini, yenye tundu katikati na mwaka kati ya 1908 na 1914, huenda ni heller 10. Asipewe mtoto mdogo kuichezea, humezwa kirahisi.