Ushahidi wa Chemba

Bunduki ya kale ina majina mawili: lililochorwa juu ya mtutu, na lililofichwa ndani ya chemba, ambamo risasi hulala kabla ya kulia. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, alichukua bunduki ya wenzo ya Winchester, mtindo wa 1895, ya risasi .405, aliyoisifu sana kwa simba. Mtindo huo huo ulitengenezwa pia kwa risasi .303 ya Kiingereza na .30-06 ya Kimarekani. Kwa sura ni ndugu. Kwa chakula ni mbalimbali.

Basi alama ya mtutu isomwe, lakini isiaminiwe peke yake, maana mtutu hubadilishwa na chemba huchongwa upya. Wala jina si kipimo: risasi ya .405 ina upana wa inchi 0.411 hivi. Fundi huhakikisha kwanza kuwa bunduki ni tupu, humimina salfa iliyoyeyushwa ndani ya chemba, kisha hupima umbo litokalo. Likiafikiana na alama na daftari za kiwanda, asili imejulikana. Yakihitilafiana, bunduki isitumiwe, kwani risasi isiyo yake yaweza kupasua chuma na kumwua mwindaji badala ya mnyama.