Kabichi Moja Kwanza

Likizo Ubaruku, mpunga ukishavunwa, tunabanana kwenye laptop moja kucheza Skyrim, gemu la 2011. Dogo aliweka mapanga yake kwenye pipa la mtaani Whiterun. Siku za mchezo zikapita, pipa likajazwa upya, mapanga hakuna. Alilia kweli! Mapipa mengi mle hujirudisha yalivyokuwa. Dawa ni kununua Breezehome, dhahabu 5,000; makabati yake hayafuti kitu. Huna hela? Tia kabichi moja, subiri siku 31 za mchezo, kaangalie (sisi wa ualimu tungeliita jaribio la awali). Sasa dogo anapima kila kasha.

Mpunga wetu, ambao ndiyo ada yangu, unasubiri bei ghalani kwa mtu. Baba alitanguliza magunia mawili.